Mama Wawili wa Usama

Katwe, Kampala
14 Mei 2009

Kwa kaka yangu Tajudin,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima wa kutembea, isipokuwa Mama, ambaye hali yake unaijua. Ulimi haujarudi na upande wa kulia umelala vilevile. Anakunywa uji, anasikia kila tunachosema, na anatukodolea macho. Angekuwa na ulimi, barua hii ingebeba na matusi yake mawili matatu kwa wewe kutokuja kumwona.

Bahasha nimempa baharia wa meli ya kuvusha mabehewa ya treni, yule Mhaya mwenye pengo, aichukue kutoka Port Bell. Ndani utakuta flashi, na kwenye flashi kuna faili la ukoo wa Kampala, lile nililoliandika na Mama kabla kiharusi hakijamwangusha. Wewe unalo la Mwanza. Naomba uyaunganishe yawe mti mmoja, uusafishe, halafu utuchapishie karatasi kubwa ya kutundika ukutani. Si unajiita fundi wa kompyuta wa ukoo mzima? Basi leo utaukoma ufundi wako.

Haraka yangu ina sababu. Posa ya mdogo wako Usama imefika, na mdogo wangu Salme ameisoma kwa kificho mara nyingi kuliko anavyousoma msahafu. Ni watoto wa ndugu wawili, kwetu si jambo geni, na mimi dada mtu nimefurahi mpaka nimepika biriani siku ya kazi. Ila sheikh wetu wa hapa ni mtu wa mambo yaliyonyooka. Anasema sisi watu tuliotoka pwani tumeoana wenyewe kwa wenyewe humu Buganda mpaka mtu hajui nani shangazi nani mke. Anataka kuiona nasaba kwanza ndipo afungishe nikahi. Kwa hiyo karatasi yako ndiyo itakayomruhusu Salme aolewe, usiifanyie mzaha.

Utakuta vituko humo. Mama alisema, mimi niliandika, na nilipouliza sana aliniambia, "Mwalimu mzima hujui kuandika?" Ukikutana na usichokielewa, uliza.

Dada yako,
Ruqayya

*

Mwanza
3 Juni 2009

Dada Ruqayya,

Waalaykum salaam. Nimelifungua faili lako na nusura nilifunge. Babu yetu mmoja umemzaa mara tatu: mara Salim bin Nasoro, mara Salimu Nassor, mara "Babu mwenye duka Mengo". Programu inawaweka watu wawili bega kwa bega na kuuliza, je, huyu na huyu ni mtu mmoja? Nimebofya ndiyo mpaka kidole kimekufa ganzi. Shangazi Mwatime kwako amezaliwa "mwaka wa nzige", kwangu 1931. Nimechukua 1931, lakini nzige nimewahifadhi pembeni kwenye maelezo, mwenyewe asije akanisomea halbadiri. Kuna mjomba amezaliwa kabla ya mama yake, huyo nimemtuliza. Majina yaliyojirudia yamekwisha karibu yote, na mti unaanza kupendeza.

Nina swali moja. Usama. Katika faili langu yupo chini ya baba yangu na mama yangu Zaituni, Mungu amrehemu. Katika lako yupo hapo hapo, kisha yupo tena chini ya Mama Mkubwa, mama yako, ubavuni mwa Salme kama pacha wake. Kijana mmoja, mama wawili. Programu imemwashia rangi nyekundu na inataka nichague mmoja.

Nadhani mkono wako uliteleza. Vita vilipoingia Kampala mimi nilikuwa huku kwa Bibi, kwa hiyo sikuona kitu. Nilichokiona ni Baba akishuka melini na kichanga kilichoviringishwa kanga ya Mama Mkubwa, na nikaambiwa mama yetu tumemwacha kaburini. Toka siku hiyo Usama amelelewa mgongoni kwangu. Mama yake namjua. Je, nimfute kule kwenu?

Ndugu yako,
Tajudin

*

Katwe
19 Juni 2009

Kaka Tajudin,

Mfute. Mkono wangu haukuteleza, nilisukumwa. Siku ile nilimwambia Mama, Usama ana mama yake, na kompyuta haitaki mama wawili. Akanijibu, "Kwani kompyuta imewahi kuzaa? Mwandike chini yangu." Mchuzi ulikuwa unaungua, nikaandika ili yaishe, na sikumuuliza tena.

Naona ni mapenzi tu. Mama Mdogo Zaituni alifia mikononi mwake, kwa homa ya uzazi, siku zilezile mji unatekwa na barabara zimejaa askari, hakuna wa kumfikisha hospitali. Mimi walikuwa wamenipeleka Jinja kwa shangazi. Niliporudi nilikuta kaburi, na mtoto mmeshamchukua. Mama hajamaliza kumlilia mpaka leo, na mtu aliyelia hivyo anaweza kabisa kumdai na mtoto wa marehemu awe wake.

Basi mbakishe chini ya aliyemzaa. Sitaki sheikh akute nyekundu yoyote kwenye karatasi hiyo.

Salme anakusalimu na anauliza kama Usama anakoroma. Mjibu kweli.

Ruqayya

*

Katwe
1 Novemba 2009

Kaka Tajudin,

Harusi imepita salama na wewe hukuja. Nisikie tena habari ya mafua ya mkeo! Pilau ililika mpaka masufuria yakawa hayana haja ya kuoshwa.

Karatasi yako ni nzuri, kila aliyeingia aliisimamia akitafuta jina lake. Sheikh alikuja mwenyewe, akafuata mistari kwa kidole kutoka Usama kupanda kwa Babu, na kutoka kwa Babu kushuka kwa Salme. Akasema, "Nasaba safi kama hii sijaiona Kampala." Nilijivuna kama kwamba nimeichora mimi.

Aliyetuudhi ni Mama. Niliitundika mbele ya kitanda chake ili aitazame, maana ni kazi yake. Aliitazama kwa muda mrefu sana, akitafuta, kisha akairushia kikombe cha uji kwa mkono wake mzima. Bado ina doa pembeni. Nikaihamishia sebuleni. Siku ya nikahi Usama alipoingia kumbusu mkono, Mama akaanza kujipiga kifuani, pu, pu, pu, huku machozi yanamtiririka na koo linamtoka mlio ambao sijawahi kuusikia. Salme akaogopa. Wanawake wakasema ni furaha imemzidi, wengine wakasema amemkumbuka Zaituni. Tukampa maji, tukamfungia mlango apumzike.

Wamepanga chumba Kawempe. Usama ameanza kazi kwenye karakana moja hapa Katwe, anachomelea milango ya vyuma, na jioni akitoka hupita kumsalimia mkwe wake. Salme ananenepa kwa kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka namna ile tangu Baba afe.

Ruqayya

*

Mwanza
20 Novemba 2009

Dada Ruqayya,

Nisamehe kwa kutokuja. Usama amenipigia simu, na nusu ya maneno yake sikuyasikia kwa kicheko.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Alipokuwa mdogo aliita kila mwanamke mama. Muuza samaki, mama. Mwalimu, mama. Wanamcheka, na yeye anacheka nao, halafu usiku ananiuliza ni yupi hasa. Sasa ana nyumba yake na mtu wake. Nimefungua ule mti jana bila kazi yoyote, nikautazama tu ule mstari unaomuunganisha na Salme, nikamshukuru Mungu.

Msalimie Mama Mkubwa. Mwambie kikombe amenionea.

Tajudin

*

Katwe
11 Februari 2010

Tajudin,

Naomba unirudishie faili langu la kwanza, lilivyokuwa kabla hujaligusa. Sitaki ulilolisafisha. Mimi nakala yangu ilipotea kompyuta ya shule ilipoharibika.

Salme ana mimba, imeshaanza kuonekana.

Nitumie kwa baharia yuleyule, na usiniulize sasa hivi.

Ruqayya

*

Mwanza
22 Februari 2010

Dada,

Hongera zetu sote! Nimemwambia mke wangu akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza.

Faili hilo kwenye flashi, halijaguswa. Sifuti kitu bila kuweka nakala ya zamani. Lakini barua yako imenikaa vibaya. Nadhani najua kisa: ni wale wa ukoo wa bibi mdogo wanalalamika nimemweka mke wa pili chini ya wa kwanza, kama kwamba mti ni foleni ya maji. Au ni Shangazi Mwatime na miaka yake? Waambie walete vyeti. Kama kuna kosa katika kazi yangu, ungenitamkia tu, mimi si mtoto.

Tajudin

*

Katwe
5 Machi 2010

Kaka Tajudin,

Ingekuwa ni wake wawili wa Babu ningecheka. Kaa chini usome. Simu nimeiogopa, kuta za nyumba hii ni mabati na kila mtu ana masikio.

Mwezi uliopita alikuja mgeni, anaitwa Acan. Ni Mwacholi, mke wa askari wa serikali iliyoanguka mwaka ule wa 1986, walikuwa wakikaa hapo nyuma ya karakana. Mumewe alipokimbia, Mama alimwingiza Acan ndani, akamvisha buibui, na wapiganaji walipogonga mlango akawaambia ni mkwewe, anaitwa Halima. Ndiyo maana yuko hai. Baadaye alirudi kwao Kitgum, na vita vya huko vikamweka kambini miaka yote. Sasa wamemleta Kampala kutibiwa macho, akaomba amsalimie Mama kabla hajapofuka.

Alimpapasa Mama uso kwa vidole, wakalia wote wawili. Salme na Usama walikuwa wamepita, wakamwamkia, wakaenda zao Kawempe. Walipotoka nikamwambia kwa furaha, huyo kijana ndiye yule mtoto wa Zaituni, na huyo msichana ni Salme, ni mke wake. Acan akaweka kikombe chini. Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi, nakuandikia alivyosema.

"Munasema nini? Hii watoto mbili ni ya mama moja. Mimi nilikuwa ndani ya hii nyumba. Zaituni alikufa, mutoto analia, risasi iko inje, maziwa ya ng'ombe hakuna. Huyu mama aliweka Salme huku, aliweka Usama huku. Kila siku, mpaka baba yake alikuja kumutoa. Mimi ndo nilikuwa napika uji yake apate maziwa. Nani aliwapatia ndoa? Huyu mama hakuwaambia?"

Nikageuka. Mama alikuwa anajipiga kifuani, kwa mkono uleule wa kushoto, kama siku ya nikahi. Alikuwa anatuonyesha titi, Tajudin. Tangu posa ilipofika alikuwa anatuambia kwamba hawa wamenyonya kwake, na sisi tunampa maji na kumfungia mlango. Na kabla hajapoteza ulimi alinilazimisha niandike, kwa sababu baba yenu mwanamume, hakuulizia mtoto wake aliishi kwa kula nini, na Mama aliogopa jambo hilo lisije likafa naye. Akaliweka mahali ambapo ukoo mzima ungeliona. Mimi na wewe tukalifuta kwa sababu lilikuwa jekundu.

Nilikuomba faili nikiomba Mungu niwe nimekumbuka vibaya. Nimelifungua. Usama yupo ubavuni mwa Salme, kama nilivyomwandika.

Ndugu wa kunyonya hawaoani. Hilo hatuhitaji sheikh atuambie. Salme hajui. Jana alikuja akaweka mkono wangu tumboni mwake nimsikie mtoto akicheza, na nikashindwa kuuondoa mkono.

Ruqayya

*

Mwanza
13 Machi 2010

Dada Ruqayya,

Barua yako nimeichoma, na nakuomba hii nayo uichome.

Nani anajua? Wewe, mimi, kikongwe mmoja anayepofuka ambaye atarudi kwao Kitgum, na mgonjwa asiyesema. Ushahidi gani huo? Mwanamke mmoja kwa sheria hatoshi. Nani alihesabu mtoto alinyonya mara ngapi, katikati ya mabomu? Pengine alimpa mara moja tu kumnyamazisha. Walioana bila kujua, na asiyejua hana dhambi. Waache wasijue. Dhambi kama ipo tubebe mimi na wewe, tumeshazeeka.

Nimemlea huyu. Nimemwona akiita wauza samaki mama. Unataka nimwambie kwamba mara hii, baada ya kupata mtu wake, ni dada yake? Na mtoto je? Ukisema, Ruqayya, hutarudisha kitu, utavunja tu. Mti umekaa vizuri ulivyo, sheikh ameuona akaukubali.

Nakupigia magoti. Nyamaza.

Tajudin

*

Katwe
2 Aprili 2010

Tajudin,

Nilinyamaza. Nilijaribu kwa ajili yako na yao, mpaka nikashindwa kusali. Nilikuwa nikisimamisha wasichana wangu darasani, nawasomesha aya inayotaja walioharamishwa kuoana, mama zenu, binti zenu, dada zenu, nikifika kwa dada zenu wa kunyonya naufunga msahafu. Watoto wakadhani naumwa. Asiyejua hana dhambi, umesema kweli, lakini mimi nilikuwa najua kila Salme akiaga kurudi Kawempe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilimwendea sheikh kwanza. Akaja, na Acan naye akaletwa. Kuhusu mashahidi alikuwa na mashaka kama yako, akasema kwa mmoja tu asingethubutu. Akamkalia Mama mbele, akamwambia, "Bi Zuwena, kama ulimnyonyesha Usama akashiba, siku nyingi, nyanyua mkono." Mama akaunyanyua. Akamwambia aushushe, akakataa. Ulikaa juu mpaka mimi nikaushusha kwa nguvu. Halafu nikamwonyesha sheikh faili la kwanza, na siku niliyoliandika, kabla ya posa wala kiharusi. Akasema jambo likishasemwa hivi, mwenye kumwogopa Mungu halali nalo usiku mmoja.

Tukawaita Salme na Usama, wakakaa kwenye mkeka mmoja. Sheikh aliwaeleza taratibu kwamba hii si talaka, maana hapakuwa na ndoa, na kwamba mtoto ni halali na atafuata jina la baba yake, kwa kuwa hawakujua. Usama alitabasamu kwanza, akidhani ni mfano wa kwenye mawaidha. Sheikh akaongeza, nadhani alitaka kuwafariji, kwamba tangu sasa ni ndugu, Usama anaweza kuingia kumwona Salme wakati wowote bila pazia, maisha yao yote. Hapo Salme akavuta mtandio akajifunika uso mbele yake. Hakuwa amewahi kujifunika mbele yake tangu waoane.

Usama alirudi kesho yake kuchukua vifaa vyake vya kazi. Alisimama mlangoni akapiga hodi kama mgeni. Mama akamnyooshea mkono, naye akaja akalaza kichwa hapo kifuani pake, mtu mzima yule, akalia kwa sauti. Nilimwacha. Nilikuchukia wewe, nikajichukia mimi, nikamchukia hata marehemu baba yenu.

Anakuja kwako na meli ya wiki hii. Mpokee tena bandarini. Na umrudishe chini ya Mama kwenye mti, hivyo hivyo alivyokuwa.

Ruqayya

*

Mwanza
25 Aprili 2010

Dada Ruqayya,

Nimempokea. Analala ameelekea ukuta, na mke wangu anamwekea chakula anakiondoa kilivyo.

Nimerudisha ule mstari. Programu inauliza aina ya mama: wa kuzaa, wa kulea, wa kambo, wa kuasili. Wetu haimo, nikaandika kwa mkono kwenye maelezo. Basi nyekundu ikahamia kwenye ndoa. Inasema mume na mke wana mama mmoja, inaniuliza kama iifute ndoa. Nimekaa mbele yake jioni nzima. Sijabofya.

Ulisema niulize, na niliuliza, lakini jibu nilikuwa nimeshalichagua mwenyewe kabla ya kutuma barua. Nilitaka mama yetu abaki peke yake pale. Nisamehe. Na kwa Salme niombee msamaha, sina uso wa kumwandikia.

Tajudin

*

Katwe
6 Agosti 2010

Kwa Kaka Tajudin,

Nilianza na "shemeji" nikakata. Dada Ruqayya ndiye huandika barua za nyumba hii, lakini hii nimemwambia niandike mwenyewe.

Nimejifungua salama, msichana. Nimempa jina la Zaituni. Mwambie Usama ana masikio yake, yale ya kusimama. Mwambie namsalimu. Sijui nimsalimu kwa jina gani, kila ninalolijaribu linanichoma, basi mwambie tu Salme anakusalimu. Nimekasirika na kila mtu, hata na Mama, halafu namwona anavyomtazama mtoto na siwezi kuendelea. Dada aliniambia programu inataka kuifuta ndoa yetu. Usiifute. Ilikuwepo, nilikuwa na furaha, na mtoto huyu lazima awe ametoka mahali. Iache iwake nyekundu.

Sasa nisikilize, hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Kitanda cha pili wodini alilala Mkongo mmoja, Perpétue. Tulikuwa tukipiga soga kwa Kiswahili chake na changu, ananicheka, namcheka. Walimpasua ili kumtoa mtoto, wa kiume, na Perpétue hakuamka. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi alizunguka wodi nzima akiuliza nani ana maziwa ya kutosha, wanawake wanatazama chini. Mimi nguo yangu ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Nilijifanya nimelala. Nilisema moyoni, mimi nimeshaona maziwa yanavyofanya, sitampa mtoto wa mtu. Nikamsikia akinyamaza, si kunyamaza kwa kushiba, na nikajua Mama alisikia hivihivi ndani ya nyumba hii, risasi zinapita juu. Angemwacha, Usama asingekuwepo wa kunioa wala wa kuniacha.

Nikamwomba muuguzi anipe. Nimemnyonyesha siku zote nilizokaa pale, yeye huku, Zaituni huku. Kisha akaja bibi yake, mama wa mumewe, akamchukua kumpeleka kwao. Alisema ni upande wa Butembo, huko Kongo. Nilimweleza kwamba mtoto huyu na wangu ni ndugu, na asije akasahau. Aliitikia, lakini alikuwa na msiba, sidhani kama alinisikia. Mtoto alikuwa bado hajapewa jina.

Fungua mti, Kaka. Andika, mtoto wa kiume wa Perpétue, amezaliwa Kampala, Julai 2010. Mweke chini ya mama yake, kisha mweke tena chini yangu, ubavuni mwa Zaituni. Programu ikikuuliza kwa nini ana mama wawili, ijibu kwamba anao.

Salme